Kiendeshi cha kidhibiti cha hifadhi

Kiendeshi cha kidhibiti cha hifadhi ni programu inayouwezesha mfumo wa uendeshaji kuwasiliana na kidhibiti, yaani kadi au chipu iliyopo kati ya kompyuta na diski zake. Mafundi wengi huiita draiva. Kwenye seva zinazotumia Unix au mifumo ya jamii yake (kama vile Linux, FreeBSD, Solaris, AIX na HP-UX) kiendeshi hicho ni sehemu ya kiini cha mfumo, au ni moduli inayopakiwa ndani ya kiini wakati seva inapowaka.

Bila kiendeshi sahihi, seva inaweza kuwa na diski 8 nzima kabisa na bado programu ya usakinishaji ikadai kwamba haioni hata moja. Vilevile seva iliyofanya kazi kwa miaka mingi inaweza kukataa kuwaka baada ya mfumo wake kusasishwa, ingawa data zote zipo. Ugumu huo una chanzo kimoja: kiendeshi huhifadhiwa kwenye diski, lakini diski haisomeki mpaka kiendeshi kiwe tayari kwenye kumbukumbu. Karibu taratibu zote za kusakinisha viendeshi vya aina hii ni njia za kutoka kwenye mduara huo.

## Jina

Katika Kiswahili neno "kiendeshi" bado halijatulia. Baadhi ya waandishi hulitumia kwa programu inayoendesha kifaa, wengine kwa kifaa chenyewe kinachozungusha diski. Katika mada hii vitu hivyo viwili hukutana ndani ya sentensi moja, kwa hiyo hapa "kiendeshi" ni programu tu, na kifaa ni "diski". Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulileta istilahi nyingi za Kiswahili kwa programu za ofisini. Lugha ya ndani ya seva imeachiwa mafundi, nao husema draiva, keneli na kontrola.

## Kazi yake

Diski haiunganishwi moja kwa moja na prosesa. Katikati kuna kidhibiti. Kwenye kompyuta ya mezani huwa ni chipu ndogo juu ya ubao mama; kwenye seva mara nyingi ni kadi kamili yenye prosesa yake, kumbukumbu yake na pengine betri yake. Kidhibiti hupokea agizo la kusoma au kuandika vipande fulani vya data, hulipeleka kwa diski inayohusika, huweka data kwenye kumbukumbu ya seva, kisha huiarifu prosesa kwamba kazi imekwisha.

Kila mtengenezaji ana namna yake ya kupokea maagizo hayo, na hapo ndipo kiendeshi kinapohitajika. Upande wa juu kinazungumza na kiini kwa namna ileile inayotumiwa na viendeshi vingine vyote vya diski. Upande wa chini kinazungumza lugha ya kadi moja maalumu. Kwa sababu hiyo hifadhidata au seva ya barua pepe haina haja ya kujua kama chini yake kuna diski ya zamani ya SCSI au SSD ya kisasa.

Baadhi ya vidhibiti hufuata kanuni ya pamoja. Vidhibiti vya SATA vinavyofuata kanuni ya AHCI, iliyotolewa mwaka 2004, hutumia kiendeshi kimoja bila kujali nani amevitengeneza. Hali ni hiyohiyo kwa diski za NVMe, ambazo kanuni yake ya kwanza ilitolewa mwaka 2011. Ndiyo maana mtu anayeweka Linux kwenye kompyuta yake ya nyumbani huenda asikutane na tatizo hili maishani mwake.

Kadi za RAID ni jambo jingine. RAID ni mbinu ya kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data zisipotee. Jina hilo lilienezwa na makala ya mwaka 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kadi ya RAID huzificha diski halisi na kuuonyesha mfumo diski moja kubwa ya kubuni. Hakuna kanuni moja inayozitawala kadi hizi. Kadi nyingi za Dell ziitwazo PERC, ambazo ndani yake zina chipu za LSI (kampuni ambayo sasa iko chini ya Broadcom), hutumia kiendeshi megaraid_sas kwenye Linux. Kadi za Smart Array za HP hutumia hpsa, na zile mpya zaidi smartpqi. Kadi nyingi za Adaptec hutumia aacraid. Kiendeshi cha familia moja hakifai kitu kwa familia nyingine.

Hata seva pepe, isiyo na kadi ya kushikika, ina kidhibiti cha kuigiza na inahitaji kiendeshi chake, kwa mfano virtio_scsi au vmw_pvscsi.

## Historia

Unix ilianzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Tangu mwanzo ilikuwa na wazo lililodumu hadi leo: kifaa huonekana kama faili. Diski ilipewa jina ndani ya saraka ya /dev, na nyuma ya jina hilo kulikuwa na namba mbili. Namba ya kwanza ilionyesha kiendeshi, ya pili ilionyesha diski ipi kati ya zile zinazosimamiwa na kiendeshi hicho. Ndani ya kiini kulikuwa na jedwali la viendeshi vyote vya diski, na namba ya kwanza ilikuwa nafasi katika jedwali hilo.

Kwenye mashine za PDP-11 za miaka ya 1970 kuongeza kiendeshi kulimaanisha kukiandika kwenye jedwali hilo, kujenga kiini upya kutoka msimbo chanzo, kukiweka kwenye diski na kuiwasha mashine tena. Kosa dogo liliacha mashine isiyowaka, na mafundi wa zama hizo walijifunza mapema kutofuta kiini cha zamani kabla kipya hakijathibitishwa. Desturi hiyo bado inafaa.

Kanuni ya SCSI, iliyopitishwa na taasisi ya viwango ya Marekani ANSI mwaka 1986, ilipunguza mzigo kwa upande wa diski: diski za kampuni mbalimbali ziliweza kupokea maagizo ya aina moja. Lakini kadi iliyopeleka maagizo hayo ilibaki tofauti kwa kila kampuni. Kwa hiyo mifumo ya Unix ya kompyuta za Intel ilikuja na njia za kupokea viendeshi kutoka nje wakati wa usakinishaji. SCO OpenServer ilipokea disketi maalumu: fundi aliandika neno link kwenye skrini ya kuwashia, akataja jina la kiendeshi, na kiini kikakiunganisha kabla ya kuigusa diski. Solaris ya Intel nayo ilikuwa na disketi za aina hiyo. Kwenye mashine ambazo kampuni moja iliuza kadi, kiini na kompyuta kwa pamoja, kama zile za Sun, IBM na HP, shida hii ilikuwa ndogo zaidi, na bei yake ilikuwa kubwa zaidi.

Baadaye viini vingi vilipata uwezo wa kupakia moduli wakati mfumo unafanya kazi, bila kujengwa upya. Jambo hilo lilirahisisha sana viendeshi vya printa, sauti na mtandao. Kwa kidhibiti cha diski lilihamisha tatizo tu, kwa sababu moduli nayo ni faili, na faili liko kwenye diski.

## Jinsi seva inavyovuka mduara

Seva inapowashwa, programu ya kwanza kufanya kazi si Unix bali ni BIOS au UEFI iliyomo kwenye ubao mama. Kadi ya RAID huja na programu yake ndogo ndani ya chipu, ambayo BIOS huiazima ili kusoma diski. Hivyo programu ya kuwashia, kama GRUB, huweza kusoma kiini kutoka kwenye diski na kukiweka kwenye kumbukumbu bila kiendeshi chochote cha Unix.

Mara kiini kinapoanza kufanya kazi, huacha kuitegemea BIOS. Kuanzia hapo lazima kisome diski kwa kiendeshi chake chenyewe. Kutojua mpaka huu huwapotezea watu saa nyingi: kadi inaonyesha diski zote kwenye skrini ya mwanzo, GRUB inatokea, maandishi ya kiini yanaanza kupita, kisha kila kitu kinasimama kwa ujumbe kama huu:

VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Maana yake ni kwamba kiini hakikupata diski yenye mfumo. Mara nyingi diski haina kasoro. Kinachokosekana ni kiendeshi.

Linux hutatua jambo hili kwa faili liitwalo initramfs. Ni mfumo mdogo wa mafaili uliobanwa, ambao GRUB huupakia kwenye kumbukumbu pamoja na kiini kwa kupitia BIOS. Ndani yake mna moduli za vidhibiti. Kiini hufungua faili hilo kwenye kumbukumbu, hupakia kiendeshi kinachohitajika, na hapo tu ndipo hugeukia diski halisi. FreeBSD hufanya kwa njia fupi zaidi: programu yake ya kuwashia husoma orodha ya moduli kwenye /boot/loader.conf na kuzipakia kabla ya kukikabidhi kiini kazi.

## Kutambua kidhibiti

Jina lililobandikwa mbele ya seva halitoshi, kwa sababu modeli moja ya seva huuzwa na kadi tofauti. Kinachoaminika ni namba za PCI ambazo kila kadi hubeba: ya mtengenezaji na ya chipu. Kwenye Linux huonyeshwa na amri hii:

lspci -nn

Katika majibu yake hutafutwa mstari unaotaja RAID, SAS, SCSI au SATA. Mwishoni kuna namba mbili ndani ya mabano ya mraba, kwa mfano 1000:0060. Namba 1000 ni ya LSI, na 0060 ni chipu ya SAS1078, iliyotumika kwenye kadi ya Dell PERC 6/i. Amri ya lspci -k huongeza jina la kiendeshi kinachoisimamia kadi kwa wakati huo. Iwapo hakuna jina lolote, kadi imeonekana lakini haina wa kuiendesha. Iwapo kadi yenyewe haionekani kwenye orodha, kusakinisha kiendeshi ni kazi bure: tatizo liko kwenye kadi, kwenye nafasi ilipochomekwa au kwenye mipangilio ya BIOS.

FreeBSD hutumia pciconf -lv, Solaris hutumia prtconf -D, HP-UX hutumia ioscan, na AIX hutumia lsdev.

## Kusakinisha wakati wa kuweka mfumo mpya

Programu ya usakinishaji huwaka kutoka kwenye flashi au DVD, kwa hiyo mduara bado haujafungwa: kuna mahali pengine pa kusomea kiendeshi. Mifumo ya jamii ya Red Hat hupokea picha ya diski ya viendeshi. Picha hiyo ikiandikwa kwenye flashi yenye jina OEMDRV, programu ya usakinishaji huitafuta yenyewe. Vinginevyo huongezwa neno inst.dd kwenye mstari wa kuwashia. Matoleo ya zamani zaidi, kama la 5 na la 6, yalitumia linux dd.

Kiendeshi lazima kilingane na kiini kilichomo kwenye flashi ya usakinishaji. Kilichojengwa kwa ajili ya toleo la 7 hakitapokewa na toleo la 8. Jambo la pili husahaulika zaidi. Kiendeshi kilichopakiwa wakati wa usakinishaji ni lazima pia kiwekwe kwenye mfumo unaosakinishwa na ndani ya initramfs yake, la sivyo usakinishaji utakamilika bila lawama na seva itashindwa kuwaka mara ya kwanza. Diski za viendeshi zilizotengenezwa vizuri hufanya hivyo zenyewe. Ikiwa kiendeshi kilipakiwa kwa mkono, ni kazi ya fundi.

Upande wa Debian, viendeshi vingi vilivyomo kwenye kiini rasmi cha Linux hupatikana tayari. Kilichokuwa kikikosekana ni fimwea, yaani programu ambayo kiendeshi huipeleka ndani ya kadi kabla kadi haijaweza kufanya kazi. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023 fimwea hizo zimo ndani ya picha ya kawaida ya usakinishaji.

## Kwenye seva inayofanya kazi

Hapa kinachoongezwa ni kadi ya pili, au ni toleo jipya la kiendeshi kwa kadi iliyopo. Kwenye Linux hatua huanza kwa uname -r, inayotaja toleo la kiini. Kisha modinfo, ikifuatwa na jina la kiendeshi, huonyesha toleo lake na orodha ya namba za PCI inazozifahamu. Kama namba ya kadi imo kwenye orodha hiyo, hakuna cha kutafuta mtandaoni. Amri ya modprobe hupakia moduli, na dmesg huonyesha kama diski zimejitokeza.

Baada ya hapo initramfs hujengwa upya. Debian na Ubuntu hutumia update-initramfs -u. Jamii ya Red Hat hutumia dracut -f. Tofauti yao ni ya kuzingatiwa. Kwa kawaida dracut kwenye Red Hat toleo la 7 na kuendelea huweka ndani ya initramfs viendeshi vya mashine ileile tu, ili faili liwe dogo. Diski zikihamishiwa kwenye seva nyingine yenye kadi tofauti, au kadi ikifa na kuwekwa ya aina nyingine, mfumo hautawaka. Njia rahisi ya kutoka ni kuchagua kwenye GRUB kiingilio cha uokoaji, ambacho hubeba viendeshi vingi, kisha kujenga initramfs upya ukiwa ndani.

Kiendeshi kisichokuwa sehemu ya kiini kina ugumu mwingine: kiini kikisasishwa, moduli ya zamani haifai tena. Kwa ajili hiyo Dell ilianzisha DKMS mwaka 2003, programu inayojenga moduli upya kila kiini kipya kinapowekwa. DKMS inahitaji msimbo na zana za kujengea ziwepo kwenye seva. Vilevile, pale ambapo UEFI imewekwa ikubali programu zilizotiwa sahihi tu, moduli iliyojengwa mahali hapo itakataliwa mpaka ufunguo wake usajiliwe kwa mokutil, na usajili huo hukamilishwa na mtu aliyekaa mbele ya skrini ya seva wakati inawaka. Kwa anayesimamia seva kutoka mbali hilo si jambo dogo.

Solaris ina utaratibu wake. Moduli huwekwa chini ya /kernel/drv, kisha amri ya add_drv hukifahamisha kiini na kuandika uhusiano kati ya namba za PCI na jina la kiendeshi kwenye faili la /etc/driver_aliases. Zamani fundi aliunda faili tupu liitwalo /reconfigure na kuwasha mashine upya ili vifaa vihesabiwe tena. Siku hizi devfsadm inatosha mara nyingi. Kwenye AIX kazi hiyo hufanywa na cfgmgr.

## Vidhibiti vilivyoachwa

Watu huzoea kudhani kwamba mfumo mpya unatambua vifaa vingi kuliko wa zamani. Kwa seva si hivyo daima. Red Hat Enterprise Linux 8, iliyotolewa Mei 2019, iliondoa kwenye viendeshi vyake namba za kadi nyingi za zamani, zikiwemo zile za SAS1078. Kiendeshi megaraid_sas kimo, hupakiwa bila tatizo, lakini kadi haimo tena kwenye orodha yake. Seva ya Dell PowerEdge R710 yenye PERC 6/i, iliyofanya kazi vizuri na toleo la 6 na la 7, haioni diski yoyote kwenye toleo la 8.

Kiini rasmi cha Linux hakikuziondoa kadi hizo, kwa hiyo Debian huendelea kuzitambua. Kwa anayelazimika kubaki kwenye jamii ya Red Hat, mradi wa kujitolea uitwao ELRepo hutoa viendeshi vya ziada pamoja na picha za diski za viendeshi. Kwa seva isiyofungwa na programu inayodai Red Hat, kubadili mfumo ni kazi ndogo kuliko kutunza kiendeshi cha nje kila mwezi.

Mfano mwingine ni kidhibiti cha B120i kwenye seva za bei nafuu za HP za kizazi cha 8. Kwa jina ni kadi ya RAID; kwa kweli ni chipu ya kawaida ya SATA ambayo kazi ya RAID hufanywa na kiendeshi kilichofungwa, hpvsa, kisicho na msimbo ulio wazi. Mfumo usiokuwa na kiendeshi hicho huona diski moja moja na kuziharibia mpangilio. Suluhisho linalopendekezwa na wengi ni kuiweka BIOS kwenye AHCI kabla ya kuanza, na kuunda RAID kwa mdadm ya Linux.

Hilo lina faida hata pale ambapo kadi kamili ipo. Diski zilizounganishwa na mdadm au ZFS huweza kuchomolewa na kusomwa kwenye kompyuta yoyote yenye nafasi za kutosha. Diski zilizounganishwa na kadi ya RAID kwa kawaida hudai kadi ya familia ileile.

## Majina ya diski

Kiendeshi ndicho kinachoipa diski jina, na kikibadilika jina hubadilika. Kadi za zamani za Smart Array zilisimamiwa na kiendeshi cciss, na diski zake ziliitwa /dev/cciss/c0d0. Kiendeshi hicho kiliondolewa kwenye Linux 4.14 mwaka 2017 na nafasi yake kuchukuliwa na hpsa, ambacho huita diski ileile /dev/sda. Seva ambazo faili lao la /etc/fstab lilitaja jina la zamani zilisimama katikati ya kuwaka. Kwenye FreeBSD kadi fulani za MegaRAID huweza kusimamiwa na mfi au mrsas, na kwa uchaguzi huo mfid0 hugeuka kuwa da0.

Kinga yake ni kuandika UUID ya kila mgawo wa diski kwenye fstab badala ya jina. Amri ya blkid huionyesha. Si vizuri kubadili kiendeshi kabla ya kukagua faili hilo.

Kuna hatari iliyo mbaya kuliko kusimama. Flashi ya usakinishaji ikisomwa kabla ya kadi ya RAID, flashi huwa sda na diski ya data huwa sdb. Safari nyingine huwa kinyume. Amri ya kufuta au kunakili iliyoandikwa kwa mazoea hupiga diski isiyo yake.

## Hatari kwa data

Kukosekana kwa kiendeshi hakufuti kitu. Data hupotea kutokana na kinachofanywa kwa haraka baada ya hapo. Fundi anayeona "hakuna diski" huingia kwenye menyu ya kadi na kukuta chaguo la kuanzisha mpangilio upya. Kwenye kadi za MegaRAID, diski zilizotoka kwenye kadi nyingine huonyeshwa kuwa na mpangilio wa kigeni, na chaguo ni mawili: kuupokea au kuufuta. Kuupokea hurudisha diski kama zilivyokuwa. Kuufuta huondoa maelezo ya jinsi data zilivyogawanywa kati ya diski, na hapo ndipo kumbukumbu za wagonjwa au matokeo ya wanafunzi wa miaka kadhaa huweza kupotea ndani ya dakika moja. Menyu hiyo haihusiani na kiendeshi, na tatizo la kiendeshi halitatuliwi humo.

Betri ya kadi nayo huhusika. Kadi hukubali data kwenye kumbukumbu yake na kuutaarifu mfumo kwamba zimeandikwa, kabla hazijafika kwenye diski. Umeme ukikatika, betri huzihifadhi. Betri ikizeeka, kadi nyingi huacha mtindo huo na seva huwa nzito ghafla. Wapo wanaoilazimisha kadi iendelee kama kawaida ili kurudisha kasi. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, hilo ni kuhatarisha hifadhidata nzima.

Kabla ya kubadili kiendeshi, fimwea au kiini huchukuliwa nakala rudufu kwenye kifaa kilicho nje ya kadi hiyo. Nakala iliyo kwenye diski nyingine ya kadi ileile haihesabiki.

## Maandalizi ya mahali palipo mbali

Maelekezo mengi ya watengenezaji huchukulia kwamba fundi yuko kwenye kituo cha data chenye intaneti ya haraka na anaweza kupakua anachohitaji. Tangu kebo ya baharini ya SEACOM ilipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 miji mikubwa imekaribia hali hiyo. Seva ya shule au ya kituo cha afya katika eneo kama Busawe, kwenye wilaya ya Serengeti mkoani Mara, iko mbali nayo. Seva yenyewe ikiwa imezimika, intaneti ya kutafutia kiendeshi huwa ni simu ya fundi na kifurushi chake, na picha moja ya usakinishaji inaweza kuzidi gigabaiti kadhaa. Aliyesahau faili moja hurudi Mugumu, Tarime au Musoma kulifuata.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya safari. Aliyeko kwenye seva huombwa kutuma majibu ya lspci -nn na uname -r, hata kwa picha ya simu. Kama seva haiwaki, huwashwa kwa flashi ya Linux inayofanya kazi bila kusakinishwa, na amri hiyohiyo hutolewa humo. Namba za PCI zikijulikana, orodha ya kadi zilizoondolewa kwenye toleo linalokusudiwa huangaliwa mjini. Kisha huandaliwa flashi mbili: moja ya usakinishaji na nyingine ya viendeshi, fimwea na toleo la zamani la mfumo lililokuwa likifanya kazi. Flashi hujaribiwa kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuondoka, kwani flashi iliyoandikwa vibaya haitofautiki kwa macho na iliyo nzima.

Seva zilizotumika, ambazo bei yake huvutia shule na ofisi ndogo, ndizo zinazobeba zaidi kadi zilizoachwa. Kuuliza aina ya kadi kabla ya kulipa hugharimu ujumbe mmoja wa simu. Muuzaji akishindwa kuitaja, kadi ya kawaida ya SAS isiyo na RAID inaweza kununuliwa pamoja na seva, na kazi ya kuunganisha diski ikaachiwa mfumo wa uendeshaji.

Kiini cha zamani na initramfs yake huachwa kwenye GRUB baada ya kila usasishaji. Seva ikigoma kuwaka baada ya fundi kuondoka, mwalimu au mhudumu aliyeonyeshwa jinsi ya kuchagua mstari wa pili kwenye skrini hiyo anaweza kuirudisha kazini huku akisubiri.